Cherehani Kilichokwenda Nsemulwa

Cherehani kile nilikipeleka mwenyewe. Sikumtuma mtu. Nilikodi guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, pale sokoni Kashaulili, Mpanda mjini, nikasimamia kikipakiwa, nikakaa kwenye ubao kando yake nimekishikilia kisije kikaanguka, tukaenda hivyo hadi Nsemulwa huku nikiwapungia mkono watu ninaowafahamu. Ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Nilijiona mtu mwema. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kila ninapotaka kusimulia habari hii natafuta mtu wa kumtwisha, na kila mara najikuta nimerudi kwenye guta lile, nimekaa juu yake, natabasamu.

Mimi ni fundi. Nina baraza Kashaulili mbele ya duka la vitambaa, vyerehani vitano vya kukanyaga kwa miguu, na cha ovaloki, cha kuzuia pindo zisichanike nyuzi, kiko ndani, chumba cha nyuma, kwa sababu ya umeme. Tunaoshona pale ni wanawake watupu. Lakini ukiulizia mjini, wengi watakwambia hawanijui kwa kushona, wananijua kwa kicheni pati. Mimi ndiye somo. Binti akikaribia kuolewa, shangazi zake na mama zake wadogo wakishakubaliana rangi ya vitenge na ukumbi, huulizana nani atamfunda, na kwa miaka mingi jibu lilikuwa mimi. Mdomo ninao, Mungu hakuninyima. Bibi harusi anakaa kwenye mkeka kajifunika khanga, mimi nasimama katikati, naanza kwa kuwachekesha: habari za mwanaume anayekoroma, habari za mawifi, habari za ugali uliosongwa na mtu mwenye hasira. Wakishalegea kwa kicheko ndipo nawapa la maana.

La maana lilikuwa maisha yangu mwenyewe. Nilikuwa nasema hivi: mume wangu huyu mnayemwona leo ananibebea mkoba kutoka kanisani, miaka ya mwanzo alikuwa na mkono mwepesi. Sikukimbia. Nilivumilia, nikanyamaza, nikapika, nikapiga magoti, na siku moja akaacha. Mvumilivu hula mbivu. Hapo kina mama walipiga vigelegele, wengine walifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha nilimgeukia binti nikampa sharti: neno likikushinda ndani ya ndoa, usilipeleke kwenu, usilipeleke kwa jirani. Lilete kwa somo wako. Somo ndiye atajua la kufanya.

Binti ninayemsimulia alikuja barazani kwangu baada ya kumaliza kidato cha nne. Alikuja na mama yake kwa pikipiki kutoka Katumba, wote wawili wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Babu na bibi zake walitoka Burundi. Yeye kazaliwa hapa hapa, na Kirundi alikuwa akizungumza na mama yake tu. Baba alishafariki. Kaka hakuwa naye, wala baba mdogo wa karibu. Mama yake alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, mimi huyu ndiye ninaye. Nifundishie kazi."

Nimefundisha mabinti wengi, na wengi hujifunza kushona. Huyu alijifunza kukata, na hayo ni mambo mawili. Kushona unaweza ukafuata mstari hadi mwisho ukiwaza mengine, lakini mkasi ukishapita kwenye kitambaa cha mtu hakuna kurudi nyuma. Baada ya miaka miwili alikuwa anakata suruali za wanaume kuliko mimi. Alimzunguka mteja mara moja, akamwambia atembee kidogo, akatazama bega lipi limeshuka na tumbo linaanzia wapi, ndipo aliposhika futi. Walimu, wauguzi, wazee wa kanisa walikuja na vitambaa vyao wakauliza, "Yule binti yupo?" Nikiwaambia hayupo ila mimi nipo, walisema watapita kesho. Iliniuma kidogo, sikatai. Lakini baraza lilikuwa limejaa.

Alipopata mchumba, mwanaume mmoja aliyekuwa akinunua mpunga vijijini na kuuleta mjini, nani mwingine angemfunda? Siku ya kicheni pati yake niliongea kuliko siku zote. Wakapanga chumba na sebule Nsemulwa, nyumba nane tu kutoka kwangu, nami nikaona ni baraka, mwanangu amekaa karibu.

Mwezi wa nne wa ndoa alikuja kazini jicho la kushoto limevimba, halifunguki. Nilimtazama mara moja nikajua. Nikamwambia aingie chumba cha nyuma akae kwenye ovaloki, na wateja waliomuulizia nikawaambia ana macho mekundu, wasimkaribie wataambukizwa. Nilifanya hivyo kwa huruma. Nilifanya pia kwa sababu mimi ndiye niliyemfunda, na jicho lile lilikuwa tangazo baya kwangu. Siku tatu alikaa kule nyuma na kelele za mashine, anapiga pindo za sare za shule, kazi ya mtu aliyeanza juzi.

Mchana wa siku ya kwanza nilimfuata. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Ulimjibu nini?"

Sikumuuliza alifanyiwa nini. Nilimuuliza yeye alijibu nini.

"Sikumjibu kitu, somo," alisema. "Hataki nipime wanaume. Alipita na pikipiki akaniona namzungushia mwalimu futi kiunoni."

Basi nikaona ni jambo dogo, lina dawa. Nikamwita mume. Alikuja kesho yake, kijana msafi, shati kalichomekea, "Shikamoo mama" ya kuinama hasa, na soda za mafundi wote kwenye mfuko. Nikampenda. Hilo nalo lazima niliseme: nilimpenda. Tulikaa kwenye benchi tukaongea vizuri kama mama na mwanawe, nikamwambia mke hapigwi, akakubali, akasema ni hasira tu, naye akaniomba jambo moja. Nikamkubalia. Mke wake asipime tena wanaume. Nilirudi kumweleza binti nikiwa na furaha, kama mtu aliyetoka kushinda kesi.

Kuanzia hapo wateja wanaume niliwapima mimi, nikaandika namba kwenye karatasi, yeye akakata kwa kusoma karatasi. Suruali zilianza kurudi. Hii inabana paja, hii inavuta nyuma mtu akikaa. Nikamgombeza. Akanijibu taratibu, "Mama, namba hazinionyeshi mtu anavyosimama." Nilimwambia mafundi wakubwa duniani wanakata kwa namba, jambo ambalo sikuwa na uhakika nalo. Wale waliokuwa wakisema watapita kesho wakawa hawapiti. Ikabidi nimhamishie kwenye sketi za wanafunzi, na mkasi mkubwa akaushika mwenzake. Hakulalamika. Nami nilihesabu kutolalamika kwake kuwa ni utulivu wa ndoa.

Kisha akajifungua mtoto wa kike, na baada ya miezi mitatu akarudi kazini akiwa naye mgongoni. Mimi nimelea wanne pale pale barazani. Nimenyonyesha huku mguu unakanyaga, nimebadilisha nepi juu ya meza ya kukatia, na mwanangu wa pili alijifunza kutambaa kati ya miguu ya vyerehani. Kwa hiyo kuhusu watoto kazini sikuwa na roho mbaya, ila sikuwa na subira pia. Nilichotaka mimi ni saa mbili kamili mtu awe amekaa.

Hakuwa anafika saa mbili. Ilikuwa saa tatu, saa nne, mtoto analia, na yeye anahema. Siku moja alifika nguo yote imelowa, kitenge kimemganda miguuni, blauzi inachuruzika maji. Mtoto alikuwa mkavu, kamfunga kwa mfuko wa nailoni kati ya mgongo wake na khanga.

"Nini tena?" nikauliza.

"Mvua, mama."

Ilikuwa mwezi wa nane. Mpanda mwezi wa nane hata mbwa anatafuta tope la kulalia halipati. Wenzake wote waliinamisha vichwa kwenye kazi zao. Mimi nikamwambia asikae karibu na vitambaa vya watu atavilowesha, kisha nikaongeza, kwa sauti ya kusikika hadi dukani, kwamba mtoto siyo sababu ya kuchelewa, mimi nimezaa wanne na sikuwahi kumkalisha mteja. Alisimama juani ukutani hadi nguo zilipokauka, ndipo akaanza kazi.

Baadaye, muda mrefu baadaye, mwenzake mmoja wa barazani ndiye aliyeniambia. Mume alikuwa akiamka mapema na kuziloweka nguo zake zote kwenye beseni, ile aliyokusudia kuvaa na zilizobaki, kisha anaondoka kwenye shughuli zake. Alikuwa hampigi siku hizo, alikuwa anamlowekea nguo. Nani atakwenda mjini na nguo mbichi? Yeye alikwenda. Alizikamua, akazivaa, akatembea kutoka Nsemulwa hadi Kashaulili ili aje asimamishwe ukutani na mimi.

Jumapili moja, watu tumetoka ibadani, alibisha hodi kwangu. Mtoto mgongoni, begi mkononi. Hapo alikuwa anatimiza sharti nililompa: neno limemshinda, kalileta kwa somo. Nilimkaribisha vizuri. Nilimpa chai na viazi, nikamshikia mtoto wakati anakula. Alinionyesha mgongo. Nilisikitika sana, niliumia kweli kweli, sikuigiza. Halafu nikamwosha mtoto uso, nikabeba lile begi mwenyewe, nikamrudisha. Nyumba nane. Njiani nilimweleza jinsi nami nilivyovumilia. Mume alitupokea mlangoni, akapokea begi kwangu kwa mikono miwili, akasema asante mama. Nilirudi nyumbani nikiimba kidogo.

Siku chache baadaye ndipo nilipopata lile wazo. Niliona tatizo ni mwendo: mke anatoka, mume anawaza yuko wapi, mtoto anapigwa jua, mimi nacheleweshewa kazi. Basi cherehani kiende kwake. Atashona nyumbani sketi za shule, mtoto yuko pembeni, sufuria iko jikoni, mume akirudi anamkuta. Nilipotangaza barazani wenzake walipiga makofi, mmoja akasema nina moyo wa pekee. Mume nilipompigia simu alishukuru hadi nikaona aibu.

Yeye peke yake hakupiga makofi. Alisubiri wengine walipokwenda kula, akanisogelea.

"Mama, naomba niendelee kuja hapa."

"Kwa nini? Huoni utapumzika?"

"Nitawahi. Nitakuwa nawahi, mama. Nitakaa hata kule nyuma."

Mtu aliyekuwa anaitwa kwa jina na walimu na wazee wa kanisa alikuwa ananiomba nimwache akae na ovaloki, kwenye giza na kelele. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Wewe hujui kizuri chako." Kesho yake nikakodi guta.

Nilichokuwa sijui, au nilichokuwa najua na sikutaka kukitazama, ni kwamba pale barazani ndipo mahali pekee ambapo tangu asubuhi hadi jioni hakuna aliyemgusa. Palikuwa na watu, palikuwa na wateja, palikuwa na mimi na mdomo wangu. Niliwaondoa wote hao kwa siku moja.

Wiki za kwanza kazi zilikuja, jirani yake akizileta kwenye beseni kichwani. Kisha zikaja nusu. Kisha jirani akaja mikono mitupu akasema mume hataki watu wanaoingia na kutoka. Nikapiga simu, akapokea mume, akasema mtoto anaumwa. Nikapiga tena, akasema mkewe amelala. Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa na wazazi wananijia juu, ndipo nikaamua kwenda.

Nilikikuta cherehani changu sebuleni kimefunikwa kitambaa cha mezani cheupe cha kufuma, na juu yake wameweka redio na picha ya harusi. Mkanda wa kukizungusha ulikuwa umetolewa. Yeye alikuwa amekaa chini anampakata mtoto, amekonda, na hakuinuka kunisalimia mpaka mume alipomwambia inuka. Nikamuuliza habari za kazi. Mume akajibu. Nikamuuliza habari za afya. Mume akajibu. Muda wote alinitazama mimi tu, machoni, na mimi nikawa natazama vitambaa vyangu vilivyokuwa vimekunjwa kwenye kona, havijakatwa.

Nikasema, "Basi nitavichukua, shule inafunguliwa." Nikavikusanya. Nikamwambia mume, kwa upole, amwachie mwenzake apate muda wa kushona, akasema bila shaka mama. Nikatoka na vitambaa kwapani. Vitambaa niliviokoa vyote, hakikupotea hata kipande.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, alivunjwa mkono wa kulia juu kidogo ya kiganja. Mimi nilikuwa nyumbani, nimekaa uani natia vifungo, redio imefunguliwa. Nilikuja kuambiwa na jirani yangu wa mbele kwamba alipita. Alipita getini kwangu, mtoto mgongoni, mkono mmoja kaushika kwa mwingine, peku. Jirani alidhani anakuja kwangu kwa kuwa wote wanajua mimi ni somo wake. Alipunguza mwendo, akasimama kidogo, akaendelea. Alitembea hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, mbali kule, akapita nyumba ya somo wake wazi kabisa, akaenda kwa mtu ambaye hakuwahi kuongea naye. Mwenyekiti ndiye aliyemtafutia usafiri wa hospitali na kuita polisi.

Nilikwenda hospitali kesho yake asubuhi na chupa ya uji. Alikuwa amelala. Mama yake alishafika kutoka Katumba, amekaa kwenye mkeka nje ya wodi, mjukuu mapajani. Alinipokea vizuri, akanisogezea nafasi. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Mama, mimi niko kijijini. Nyie ndiyo mnaishi naye. Hamkuona?"

"Hatukuona, mama," nikasema. "Alikuwa hasemi."

Niliyasema haya nikimtazama usoni. Wema hauozi, wanasema. Nami nadhani uongo nao hauozi, kwa sababu ule bado ninao, mzima, na namwona mama yule akiitikia kwa kichwa, ananiamini.

Siku ile nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu anachambua maharage. Tumezeeka pamoja sasa, mikono yake inatetemeka kidogo, punje zinamponyoka. Nikakaa mbele yake nikamuuliza jambo ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza.

"Wewe, kunipiga, uliacha kwa nini?"

Alisimamisha mikono. Hakukasirika. Aliona aibu.

"Si alikuja kaka yako," akasema.

Ni kweli. Alikuja. Kaka yangu mkubwa na baba mdogo walipanda basi kutoka kwetu Usevya, wakakaa sebuleni kwetu na kofia mkononi, na wali wa kuku niliowapikia hawakuugusa. Kwetu mtu akikataa chakula nyumbani kwa shemeji yake, huyo hakuja kutembea. Kaka alisema maneno machache: "Leo tumekuja kumtazama dada yetu. Tukiitwa tena hatutakuja kumtazama, tutakuja kumchukua na watoto." Wakaondoka na njaa yao. Nilikuwepo. Nilibeba sahani zile nikazirudisha jikoni. Na katika kicheni pati zote nilizosimama, mbele ya kina mama wote wale, sikuwahi kumtaja kaka yangu hata mara moja, kwa sababu akiingia yeye kwenye hadithi, mimi napungua.

"Sasa uvumilivu wangu?" nikamuuliza mume wangu. Nilikuwa karibu kumsihi.

Ni mtu mkweli siku hizi, uzee umemfanya hivyo.

"Ulipokuwa unavumilia, mama watoto," akasema, "ndipo nilipokuwa nakupiga."

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi niliingia ndani nikajifungia hadi jioni.

Yule kijana aliyeninunulia soda alikamatwa, na kesi ikaenda ilikokwenda. Siyo mimi niliyetoa ushahidi, sikuitwa, na sikujitokeza. Binti alikwenda na mtoto Katumba kwa mama yake. Cherehani changu kilirudishwa na watu wa mtaa, mkanda haukuonekana, nikanunua mwingine. Nani akikalie? Nilimweka fundi mgeni, mzuri tu. Baada ya hapo nilialikwa kufunda mara tatu. Mara zote nikasema koo linaniuma. Watu wananipa pole na tangawizi. Ukweli kuhusu kaka yangu sijausema ukumbini popote. Naujua, nina mdomo, na sijausema.

Mwaka ulipopita nikasikia yule binti amerudi mjini. Anafanya kazi Kawajense kwa fundi mwingine, mwanamke niliyekuwa nikimcheka zamani kwamba kola zake zinapinda. Nilingoja nione kama atakuja kunisalimia. Hakuja. Nikajipa sababu nyingi, mara yuko mbali, mara hana nafasi, hadi siku moja nikafunga baraza mchana nikaenda.

Nilimkuta mezani, anakata. Mkono umepona, ila kiganja hakigeuki chote, kwa hiyo anazunguka meza yeye mwenyewe pale ambapo zamani alikuwa anazungusha mkasi. Inamchukua muda zaidi. Kwenye kamba nyuma yake zilining'inia suruali za wanaume, tano au sita, na niliziona kutoka mlangoni kwamba zimekaa. Mtoto wake, mkubwa sasa, alikuwa chini anapanga vipande vya vitambaa kwa rangi.

"Shikamoo mama," akasema. Akaacha kazi, akaniletea kigoda, akamwambia mtoto anisalimie. Adabu yote ilikuwa pale pale.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini niliongea vibaya, nikaruka huku na kule. Mwishowe nikasema, "Mwanangu, nilikukosea. Nimekuja kukuomba msamaha. Na nimekuja kukuomba urudi. Meza ya kukatia ni yako, utampima unayetaka, utafika saa unayoweza. Sitasema neno."

Alikunja kile kitambaa mara mbili kabla ya kunijibu.

"Msamaha nimekupa siku nyingi, mama. Kurudi ndiyo siwezi."

"Bado una hasira na mimi."

"Hapana." Akatikisa kichwa. "Siku ile ya mkono nilipita kwako. Nilisikia redio yako."

"Najua. Kwa nini hukubisha hodi?"

"Ungeniambia nirudi."

Nilitaka kusema nisingesema hivyo. Nilifungua mdomo kabisa. Ila nilijiona nimebeba begi lake kwa mkono wangu wa kulia, na nikaufunga.

"Na ungeniambia, ningerudi," akasema. Alinieleza taratibu, bila uchungu, kama unavyomweleza mteja kwamba kitambaa chake hakitoshi suruali. "Sikuwa nakuogopa, mama. Nilikuwa nakuheshimu. Hata leo, nikikaa pale kwako ukaniambia jambo, najua nitalifanya. Ndiyo maana siji."

Mteja akaingia, mwanaume mnene ana kitambaa cha kijivu kwenye mfuko, akamsalimia kwa jina lake. Binti akaenda na futi shingoni kumpima. Nafasi ilikuwa ndogo, nikasogeza kigoda changu ili apite.